Kaka Aliponifuta Kwenye Ratiba

Wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali sasa hivi, bahasha ya picha ya tumbo mapajani, na mpango wako wa mwaka unakuponyoka kichwani: sogea kidogo nikae. Habari ya dawa utaelezwa na wenye dawa. Mimi nataka tuzungumze habari ya siku zako, kwa sababu ukiugua, siku zako ndizo watu wanazozigusa kwanza, na mara nyingi ni watu unaowapenda.

Naitwa Akiru. Mwaka 2012 nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya kambini Kakuma. Cheti cha ualimu sikuwa nacho. Mwalimu asiye na cheti huajiriwa kwa mkataba mfupi, na shule ikipunguza watu huanza na yeye, na mimi nilikuwa nimeponea mara mbili. Kwa hiyo mwaka ule lengo langu lilikuwa moja tu: kuingia kozi ya ualimu inayofundishwa wakati wa likizo kule Lodwar, likizo ya Desemba.

Mambo ya malengo nilifundishwa na kaka yangu, Ebei. Amenizidi miaka tisa, ni karani Lodwar na shemasi kanisani kwake, na baba alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha. Kila Januari, tangu nikiwa kidato cha kwanza, alinichorea ratiba kwenye karatasi ya manila. Lengo juu kwa kalamu nyekundu, siku chini kwa bluu, mistari imenyooka kwa rula. Kabla hajaanza kuchora aliniuliza neno moja, na usipomjibu hagusi kalamu.

"Tarehe, Akiru. Niambie tarehe."

Nilimwambia Desemba. Akachora. Fomu ya kozi ilitaka sanduku la posta, mimi sina, tukaandika la ofisini kwake. Hapo usipite haraka, nitarudi.

Mvua za Aprili zilikuta sketi zangu hazifungi. Nilianza na pini, nikaja kwenye kamba, mwisho nikawa navaa kanga juu ya kila kitu kama mgeni wa matanga. Walimu wenzangu wakaanza utani. Wakahesabu miezi vidoleni, wakataja wanaume. Habari zikafika Lodwar kabla yangu, na kaka akanipigia simu bila hata ejoka, salamu yetu ya Kiturkana.

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Akiru, mimi si mtoto. Baba yake ni nani?"

Nilikata simu nikalia kwa hasira. Aliyeniamini alikuwa Nyandeng, mwalimu mwenzangu kutoka Sudan Kusini, anaishi kambini na watoto wake watatu. Siku moja wakati wa mapumziko alinishika ubavu wa kulia kwa mkono wake mkubwa, akakunja uso.

"Ticha, mtoto gani hii ya kukaa juu? Mtoto inakaa chini. Hii kitu iko kwa mbavu. Wewe kwenda Lodwar, kesho. Darasa yako mi nachukua."

Mwezi wa Juni nikaenda. Benchi lile nalijua hadi msumari wake uliotoka, ule unaochana nguo za wageni. Nilikaa siku mbili. Mama mmoja kutoka Kaikor alinishikia nafasi nilipokwenda kutapika, nami nikamshikia mtoto wake alipoitwa yeye. Nilipofika ndani, daktari aliniangalia kwa ile mashine, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kwenu utotoni mlikuwa na mbwa?"

Tulikuwa naye. Aliitwa Simba. Kwetu mbugani maji yako mbali, na mtoto mchanga akijichafua, mbwa huitwa akamsafisha kwa ulimi. Marehemu mama alikuwa akinisimulia kwa kicheko: "Simba ndiye yaya wako." Simba alipokufa nililia siku nzima, nikakataa maziwa. Sasa naambiwa ulimi uleule uliniachia yai la mnyoo lililokwenda kukaa kwenye ini, likajijengea mfuko wa maji, ukakua polepole miaka yote ile mimi nikienda shule. Nilimkasirikia mbwa aliyekufa. Najua ni upuuzi, lakini nilimkasirikia kweli.

Daktari akanieleza mpango. Vidonge kutwa mara mbili kwa siku ishirini na nane, kisha siku kumi na nne za kupumzika, mizunguko mitatu. Baada ya hapo upasuaji.

"Tarehe?" nikauliza.

Akacheka, labda wagonjwa hawamuulizi hivyo. Akageuza kalenda. "Mwanzo wa Novemba."

Nilitoka pale nusura nikimbie. Novemba upasuaji, Desemba kozi! Ilikuwa inabana, lakini inaingia. Kaka aliomba radhi kwa yale ya simu, akatoa manila mpya, akanunua kalamu ya kijani kwa ajili ya siku za dawa. Tulikaa mezani kwake tukihesabu kwa vidole. Nilimpenda sana jioni ile, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma kama yalivyoniuma.

Sasa nikwambie jinsi nilivyoishi, pengine itakufaa. Dawa ilitaka chakula chenye mafuta, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Niliacha kuhesabu siku kwa jua, nikahesabu kwa hizo saa mbili. Nikimeza cha asubuhi, nasoma ukurasa mmoja wa kitabu cha saikolojia ya mtoto kabla kichefuchefu hakijafika. Ukurasa mmoja, basi, hata nikijisikia shujaa. Zile siku kumi na nne za mapumziko nilisoma kurasa tatu, nikapanga masomo ya darasa, nikafua. Mwanzoni nilijaribu kuishi kama mzima, nikaanguka mbele ya ubao katikati ya jedwali la saba. Baada ya hapo nikajifunza kuukatia mwili fungu lake kwanza, kisha lengo linapata kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa cha kila siku.

Mzunguko wa kwanza ulinichukua nywele. Zilitoka na kitana kama pamba ya mto uliochanika. Nyandeng alinyoa zilizobaki, akanifunga kitambaa cha manjano, akasema nimefanana na shangazi yake mkali. Tumbo lilibaki vilevile, miguu ikawa vijiti.

Agosti shule zilipofunga nilikuwa kwa kaka, mzunguko wa pili, na homa ikanipanda. Kaka akanipeleka kwa baba mdogo, Lopeyok, anayeishi ng'ambo ya mji karibu na mto Turkwel. Wakachinja mbuzi. Sikushangaa, mbuzi wa mgonjwa huchinjwa kwetu, na mimi nilikuwa nahitaji mafuta ya saa mbili. Nilikuwa nimelala ndani, naletewa supu, nasikia wanaume wakizungumza nyuma ya boma. Najua wazee husoma matumbo ya mbuzi yakiwa bado na joto, huona humo mvua, vita, safari, ugonjwa. Sikuwaza. Kaka yangu shemasi siku zote aliwacheka wanaosoma. "Matumbo ni ya kuliwa," husema, na kweli huyala. Siku ile alirudi mikono mitupu, akakaa karibu na mlango, hakula.

"Umechoka, kaka?"

"Jua tu."

Kuanzia siku ile akawa mpole kupita kiasi. Aliniletea maziwa mwenyewe. Alinizuia kuinua hata ndoo nusu. Mimi, mjinga, nikaona ni upendo, nikajiachia. Kitu kimoja tu kilinikera: aliacha kuniuliza tarehe. Nikimwambia, "Kaka, mwezi ujao nitakuwa nimemaliza kitabu cha pili," anasema, "Vizuri, vizuri," macho yako kwingine. Tena akatupeleka wote studio, mimi katikati, kitambaa cha manjano na tumbo langu, watoto wake wakinizunguka. "Ya kumbukumbu," alisema. Mgonjwa mwenzangu, mtu aliyekuwa akikubana kuhusu kesho yako akianza kukupiga picha, shtuka. Mimi sikushtuka. Nilitabasamu.

Shule zilipofunguliwa sikuwa na nguvu za kurudi Kakuma, nikabaki kwake. Na barua ya kozi? Septemba nikamuuliza, akasema bado. Mwisho wa Septemba bado. Oktoba nikamwambia aende posta aulize vizuri, akaenda, akarudi. Bado. Alilitamka neno hilo akinitazama usoni.

Mwanzo wa Novemba wakanipasua kama walivyosema. Sista aliyenisukuma kwenye kitanda alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa chini, nikamuuliza saa ngapi, akaniambia saa mbili na robo, nikafurahi kwamba nimeingia kwa saa yangu. Nilipoamka nilikuwa na kiu ya kulamba ukuta, mrija ubavuni, na pale palipokuwa pamejaa paliniuma, lakini palikuwa pamelala. Nilipapasa mara nyingi. Sikuwa nimeona vidole vyangu vya miguu nikiwa nimelala chali tangu Machi.

Wiki ya pili Nyandeng akaja. Mkimbizi hatoki kambini anavyotaka, ni lazima aombe kibali, na alikiomba kwa ajili yangu, siku moja tu. Hakuja na machozi. Alitua kando ya kitanda furushi la madaftari ya darasa langu, hesabu hazijasahihishwa hata moja.

"Nyandeng, nina mshono tumboni!"

"Mshono iko tumbo, si mkono. Ijumaa natuma mtu kuchukua. Usichelewe, watoto nangojea."

Nilisahihisha machache asubuhi, machache jioni, kwa kalamu nyekundu ya sista. Wagonjwa wa wodi yangu wakawa wananiuliza kila jioni nani kapata ngapi. Ijumaa yalikuwa tayari. Sijui kama Nyandeng anajua alichonifanyia.

Nikatoka, nikalala kwa kaka. Desemba ikafika. Siku ya kufunguliwa kwa kozi niliijua, ilikuwa kwenye ratiba kwa nyekundu. Kaka alipokwenda kazini nikaoga, nikafunga kitambaa changu, nikatembea hadi chuoni nikiwa nimejishika ubavu, napumzika kila penye kivuli cha ukuta. Sikwenda kugombana na mtu. Nilikwenda kuuliza kama barua yangu ilipotea njiani.

Katibu wa pale, mama mpole mwenye miwani, alitafuta jina langu, akalipata, akanitazama kuanzia kitambaa hadi viatu.

"Akiru ni wewe? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Lakini sisi tulikuchukua, mama. Halafu tukaletewa barua kwamba umejitoa."

Akaigeuza karatasi upande wangu. Ilikuwa ya Kiingereza cha ofisi, fupi na ya heshima. Inasema ndugu yao ni mgonjwa sana, familia haitarajii atapona, nafasi yake apewe mwingine mwenye kuihitaji. Sikusoma jina la chini. Mwandiko ule ndio niliosomea maisha yangu yote. Mistari imenyooka, na nambari saba ina kamstari kiunoni. Niliisoma tarehe: kumi na saba Septemba. Siku ile nilianza mzunguko wa tatu. Aliniletea maziwa, nikamuuliza habari ya barua, akasema bado.

Mama yule alinipa kiti na maji. Nafasi ilikwishachukuliwa, na aliyeichukua alikuwa tayari darasani, nyuma ya ukuta huo huo, nilisikia wakiitikia majina yao.

Kaka aliporudi alinikuta mezani, mahali tulipohesabia kwa vidole. Alipoona viatu vyangu vina vumbi alielewa.

"Tarehe, kaka," nikamwambia. "Niambie tarehe."

Alikaa. Hakukana, hilo nampa. Alivua miwani akaishika.

"Baba mdogo alisoma yule mbuzi. Niliona kwa macho yangu, Akiru. Njia yako ilikuwa imekatika. Hapa," akanionyesha mezani kwa kidole, "ilikuwa inakuja vizuri, halafu hakuna."

"Wewe shemasi."

"Najua."

"Wewe wa rula na kalamu nyekundu!"

"Nilikuwa naogopa. Nilitaka upumzike. Ningekuambiaje mambo kama hayo?"

"Ungeniambia! Ungeniambia mbuzi amesema nitakufa, mimi ningebishana na mbuzi. Sasa nilikuwa nabishana na posta."

Akaanza kulia, na mimi sikumfuta machozi. Watu wengi wameniambia alifanya kwa upendo. Inawezekana. Lakini nilikuwa nameza vidonge vile, natapika, nasoma ukurasa wangu mmoja, nikiamini yupo mtu mmoja upande wangu anayehesabu pamoja nami. Kumbe alikwishaacha kuhesabu tangu Agosti. Alikuwa akiniangalia nikihangaika na ratiba aliyoichora yeye, huku akijua lengo la juu ameshalifuta. Usaliti wa mbwa niliusamehe, mbwa hakujua. Mwili wangu nao niliusamehe. Huu wa kaka ulikaa.

Januari 2013 nikarudi Kakuma bila manila. Mkataba wangu ulipona tena kwa kuwa Nyandeng aliyashikilia madarasa mawili muda wote niliokuwa Lodwar bila kunung'unika. Nilijaza fomu upya kwa mkono wangu, na kwenye anwani nikaandika sanduku la shule, na ufunguo wa sanduku nikamuomba mwalimu mkuu niwe naubeba mimi. Kama hutachukua kitu kingine hapa, chukua hicho. Ukiugua utaomba msaada wa maji, wa kuoshwa, wa kushikwa mkono chooni, na uombe bila aibu. Lakini majibu ya mambo yako yaje mkononi mwako.

Mvua za Aprili zilipopita, nikiwa Lodwar kwa kliniki, nilikwenda kwa baba mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilimkuta anafunga lango la zizi, mwenye afya na hasira zake, akaniomba tumbaku kabla sijamsalimia vizuri. Nikampa, nikamuuliza kwa lugha yetu alichokiona kwa yule mbuzi.

"Njia imekatika," akasema, bila kupepesa. "Ilikuwa mbaya kweli."

"Na sasa nimesimama hapa."

"Utaachaje kusimama? Mbuzi yule alikuwa wa kiangazi kile." Akanitazama kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. "Matumbo husema ya msimu wake, mwanangu. Mvua ikinyesha, unaleta mbuzi mwingine, unasoma tena. Nani anasoma mara moja? Nilimwambia Ebei, ukae, usubiri mvua, ulete wa pili. Ebei hakuleta." Akatema mate. "Mpaka leo hajaleta huyo mbuzi."

Nusu ya ghadhabu yake ilikuwa kwa ajili yangu, nusu kwa ajili ya nyama. Lakini nilikaa chini pale pale kwenye samadi kavu. Kaka hakuwa ameacha kalenda yake akafuata ya wazee. Aliziacha zote mbili. Wazee walimpa muda na tarehe, mvua, na yeye aliyenibana kwa tarehe tangu utotoni hakuweza kusubiri miezi michache kabla ya kunizika kwa barua.

Barua yangu ya kozi ilikuja Juni. Nilifungua sanduku mwenyewe, nikaisomea mlangoni mwa posta, nikamsomea tena Nyandeng, naye akapiga kigelegele hadi wasichana wa jikoni wakatoka. Nimekubaliwa, naanza Agosti.

Julai kaka akaja Kakuma. Alishuka kwenye lori na mbuzi jike mweupe mwenye doa kichwani, na chini ya kwapa ameshika karatasi ya manila iliyokunjwa. Alikuwa amekonda. Alisimama uani kwangu kama mgeni.

"Nimeleta wa pili," akasema. "Baba mdogo atakuja kesho. Tusome tena, dada. Safari hii itakuwa nzuri, naamini."

Nilimtazama yule mbuzi, naye akanitazama huku akitafuna. Nilitamani kukubali, sikufichi. Nilitamani kumwona kaka akifurahi juu ya matumbo na kunirudisha kwenye orodha yake ya watu wenye kesho.

"Na yakiwa mabaya?" nikamuuliza.

Akaivuta kamba ya mbuzi, akaizungusha mkononi.

"Mfungue kamba, kaka."

Akamfungua. Tukanywa chai. Manila niliipokea, nikaigeuza upande usiochorwa, nikaibandika ukutani, nikachora mwenyewe. Mistari yangu imepinda.

Sasa nimemaliza awamu mbili za kozi, ya Agosti na hii ya Desemba 2013. Picha ya mwisho haikuonyesha mfuko mwingine, na daktari anataka nirudi kila mwaka. Nywele zimerudi, laini kuliko za kwanza. Kaka huja kila baada ya wiki kadhaa, huniletea maziwa, huniuliza mitihani ni lini, nami humwambia, na tunazungumza vizuri. Lakini yule mbuzi bado yuko hapa, amenona, na kila kaka akikaa kwangu naona macho yake yanateremka yenyewe hadi kwenye tumbo la mnyama huyo. Bado anataka kujua kilichomo. Mimi namwacha atazame, ikifika saa mbili nafungua kitabu.